NENO LA BWANA SHAMBA: Injini Ikilia Ti-ti-ti, Sikiliza Kwanza

Mwezi uliopita tulizungumza juu ya kukausha mahindi kabla ya kuyatia ghalani. Mwezi huu tuzungumze juu ya gari. Najua utaniuliza, "Bwana shamba, tangu lini umekuwa fundi wa magari?"

Mimi si fundi. Cheti changu ni cha kilimo. Lakini mahindi hayana miguu. Bila gari hayafiki sokoni. Gari la kijijini likilala, jasho la mkulima nalo limelala.

Katika vijiji vyetu bado kuna Land Rover za zamani. Nyingi ni zile za aina ya Series III. Zilitengenezwa Uingereza kuanzia mwaka 1971 hadi mwaka 1985. Hata iliyo changa kati yake sasa ina miaka kama 40. Ni wazee wa kazi. Na mzee akikohoa, hatusemi mara moja kwamba amekufa. Tunamwuliza kwanza anaumwa wapi.

Kisa cha kikundi kimoja

Kikundi kimoja cha wakulima katika wilaya ya Kongwa, mkoa wa Dodoma, kina Land Rover ya namna hiyo. Ni pikapu ya petroli yenye silinda nne. Walichanga fedha misimu mitatu mpaka wakainunua. Hupakia gunia saba au nane kwa safari moja na kuzipeleka soko la mahindi la Kibaigwa. Usiku mgonjwa akizidiwa, ni gari hilo hilo linalompeleka hospitali.

Siku moja wakati wa mavuno injini ilianza kulia. Ti-ti-ti-ti. Dereva alipokanyaga mafuta, mlio ulikwenda mbio. Alipoachia, mlio ulipungua mwendo lakini haukwisha.

Walimwita fundi kutoka mjini. Fundi alisimama kando ya gari kwa muda mfupi tu. Hakufungua kitu. Akasema, "Injini imenoki. Lazima ifunguliwe yote." Gharama aliyotaja ilikuwa sawa na bei ya gunia 35 za mahindi.

Wanakikundi walikaa chini ya mti. Wengine walisema, tuuze gari kama chuma chakavu. Wengine walisema, tukope. Mama mmoja, ambaye ndiye mweka hazina, alisema, "Kabla ya kutoa gunia 35, nataka kuonyeshwa ugonjwa. Nikienda zahanati, mganga hunipima kwanza. Hanipasui mlangoni."

Ndugu msomaji, hilo ndilo somo letu la leo. Kupima kwanza, kupasua baadaye.

Kwa nini injini hulia?

Ndani ya injini ya petroli kuna moto mdogo unaowaka na kuzima mara nyingi sana. Hewa na petroli huingia kwa mlango mmoja. Moshi hutoka kwa mlango mwingine. Milango hiyo huitwa valvu. Kila silinda ya injini hii ina valvu mbili. Silinda ni nne. Kwa hiyo valvu ni nane.

Kila valvu husukumwa na mkono mdogo wa chuma. Mafundi huuita roka. Kati ya roka na valvu lazima pawe na nafasi ndogo. Mafundi huiita nafasi ya tapeti.

Nafasi hiyo ni ya nini? Angalia mabati ya nyumba yako. Jua likiwaka, mabati hulia ta, ta, ta. Jioni yakipoa, hulia tena. Chuma kikipata joto hurefuka. Kikipoa hurudi. Valvu nayo hupata joto kali na kurefuka. Ikikosa nafasi ya kurefukia, haitafunga sawasawa. Mlango utabaki wazi kidogo. Moto utapita hapo na kuiunguza valvu.

Nafasi ikiwa kubwa mno, roka hugonga valvu kama nyundo ndogo. Hapo ndipo unaposikia ti-ti-ti.

Katika injini ya Land Rover tunayoizungumzia, nafasi hiyo ni milimita 0.25. Hiyo ni robo ya milimita. Chukua karatasi nyeupe za kawaida za ofisini. Unene wa karatasi mbili na nusu ni karibu sawa na nafasi hiyo. Lakini usitumie karatasi kupimia. Kipo kipimo chake. Ni vibati vyembamba vya chuma vilivyoandikwa unene wake. Huitwa fila. Maduka ya vipuri huviuza.

Kumbuka: kila injini ina kipimo chake. Kwa mfano, injini ya Perkins ya silinda tatu, iliyofungwa kwenye trekta nyingi za Massey Ferguson 135, hutaka milimita 0.30 ikiwa baridi. Usichukue kipimo cha injini moja ukakipeleka kwenye nyingine.

Sauti mbili usizozichanganya

Sauti ya kwanza ni nyepesi. Ni ti-ti-ti. Ni kama cherehani inayoshona. Hutoka juu ya injini. Mara nyingi hiyo ni tapeti.

Sauti ya pili ni nzito. Ni ko-ko-ko. Ni kama mtu anayegonga mlango kwa ngumi. Hutoka chini. Huzidi gari linapopanda mlima au linapobeba mzigo. Hiyo ni hatari. Huenda beringi za konrodi zimekwisha. Ukiisikia, zima injini hapo hapo. Usiseme, "Tufike tu."

Mimi nilisema maneno hayo. Sijasahau mpaka leo. Nilikuwa kijana katika kituo changu cha kwanza. Tulipakia mbegu za mahindi kwenye Land Rover nyingine. Mvua za kwanza zilikuwa karibu. Njiani, katika mlima, injini ilianza ko-ko-ko. Taa nyekundu ya mafuta ya injini iliwaka. Dereva aliniuliza, "Tusimame?" Nikamjibu, "Tufike tu, ni kelele."

Hatukufika. Konrodi ilikatika na kutoboa ubavu wa injini. Mafuta yalimwagika barabarani kama damu ya ng'ombe. Mbegu zilifika siku tisa baadaye. Mvua za kwanza zilikwisha kupita. Mzee mmoja alipokea mfuko wake, akautazama, akaniambia, "Bwana shamba, wewe ndiye unayetufundisha kupanda mapema." Sikuwa na jibu.

Kosa halikuwa la dereva. Lilikuwa langu.

Hatua za kupima

Sasa turudi Kongwa. Nilikuwa nimefika pale kwa kazi ya maghala. Nikawaomba tupime pamoja. Dereva alijua kazi yake. Alikuwa ameogopa tu neno la fundi. Tulifuata hatua hizi. Nawe unaweza kuzifuata.

Hatua ya 1: Pima mafuta ya injini. Simamisha gari mahali tambarare. Zima injini. Ngoja dakika chache ili mafuta yashuke. Chomoa kijiti cha kupimia. Kifute kwa kitambaa safi. Kirudishe mpaka mwisho, kisha kichomoe tena. Mafuta yawe kati ya alama mbili. Yakiwa chini ya alama ya chini, ongeza. Mara nyingi mlio ni kiu tu ya mafuta. Mafuta yetu yalikuwa sawa.

Hatua ya 2: Tazama vitu vya nje. Je, feni inagusa kitu? Je, mkanda wa feni umechanika na kupiga chuma? Je, plagi imelegea? Plagi iliyolegea hutoa pumzi, chu-chu-chu. Ukiwa na shaka na pampu ya maji au feni, ondoa mkanda injini ikiwa imezimwa na imepoa. Kisha iwashe kwa nusu dakika tu. Mlio ukikoma, ugonjwa uko kwenye vitu vinavyozungushwa na mkanda. Kwetu haukukoma.

Hatua ya 3: Tazama bomba la moshi linapoungana na injini. Gasketi ya hapo ikitoboka, moshi hutoka kwa vishindo. Sauti yake hufanana sana na tapeti. Utaitambuaje? Huwa kubwa asubuhi injini ikiwa baridi, na mara nyingi hupungua chuma kikipata joto. Pia utaona masizi meusi mahali moshi unapotokea. Kazi hii ifanyieni nje, penye hewa. Msiwashe injini ndani ya banda lililofungwa. Katika moshi wa gari imo gesi isiyo na rangi wala harufu, nayo huua. Kwetu hapakuwa na masizi.

Hatua ya 4: Pumzisha silinda moja moja. Hatua hii ni ya injini ya petroli tu. Zima injini. Chomoa waya wa plagi moja. Tia plagi ya akiba kwenye waya huo, uilaze juu ya chuma cha injini, mbali na petroli. Kisha washa injini na usikilize. Usiushike waya injini ikiwaka, kwa sababu umeme wake unapiga. Silinda hiyo sasa haina moto. Haibebi mzigo. Kama kugonga kunapungua sana, ugonjwa uko ndani, chini ya pistoni. Mwite fundi. Kama mlio haubadiliki, tazama juu, kwenye valvu. Zima injini, rudisha waya, kisha nenda silinda ya pili, ya tatu na ya nne.

Sisi tulifanya hivyo mara nne. Mlio haukubadilika hata mara moja. Hapo wanakikundi walianza kutazamana. Gunia 35 zilianza kurudi ghalani.

Hatua ya 5: Sikiliza kwa mpira. Chukua kipande cha mpira wa maji, urefu wa mkono mmoja na nusu. Weka ncha moja sikioni. Ncha nyingine ipitishe polepole karibu na injini. Jihadhari na feni. Usivae kanga au shati lililolegea karibu na feni inayozunguka. Mahali penye ugonjwa patasikika kuliko pengine. Pampu ya petroli ya injini hii nayo hulia kidogo. Ukiisikiliza kwa mpira utaijua, hutaisingizia tapeti.

Usidharau mpira huo. Mwaka 1816 huko Ufaransa, daktari Laennec alikunja karatasi ikawa kama bomba, akasikiliza moyo wa mgonjwa. Ndiyo mwanzo wa kifaa ambacho waganga wetu huvaa shingoni.

Tulisikiliza wote kwa zamu. Hata mama mweka hazina alisikiliza. Alifika nyuma ya katikati ya injini, akainua mkono. "Ni hapa," alisema. Tulihesabu valvu kuanzia mbele, upande wa rejeta. Ilikuwa karibu na valvu ya 6.

Hesabu ya tisa

Tulizima injini na kuiacha ipoe. Dereva alitia ufunguo mfukoni. Hilo ni muhimu, maana hakuna mtu atakayewasha gari wakati mikono yenu imo ndani. Tuliondoa plagi zote ili injini izunguke kwa wepesi. Tukafungua kifuniko cha tapeti. Land Rover hizi zina tundu la hendeli mbele. Tukaizungusha injini kwa mkono.

Kupima nafasi ya valvu, valvu hiyo lazima iwe imefungwa kabisa. Utajuaje? Katika injini hii iko hesabu rahisi. Ni hesabu ya tisa. Angalia valvu iliyofunguka kabisa, yaani ile ambayo springi yake imebanwa chini kabisa. Toa namba yake katika tisa. Jibu ndilo valvu ya kupima.

Valvu ya 8 ikifunguka, pima ya 1.
Valvu ya 6 ikifunguka, pima ya 3.
Valvu ya 4 ikifunguka, pima ya 5.
Valvu ya 7 ikifunguka, pima ya 2.
Valvu ya 1 ikifunguka, pima ya 8.
Valvu ya 3 ikifunguka, pima ya 6.
Valvu ya 5 ikifunguka, pima ya 4.
Valvu ya 2 ikifunguka, pima ya 7.

Mama mweka hazina alijifunza kusoma na kuhesabu katika darasa la watu wazima. Alichukua chaki, akaandika namba 1 mpaka 8 kwenye bodi la gari. Dereva alitaja valvu iliyofunguka. Mama alitoa katika tisa na kutaja ya kupima. Akafuta namba iliyokwisha. Hawakukosea hata moja.

Valvu ya 6 ilikuwa na nafasi kubwa. Fila ya milimita 0.25 ilipita kama mbuzi katika ua lililobomoka. Nati yake ya kufungia ilikuwa imelegea. Hiyo ndiyo iliyokuwa ikipiga kelele.

Lakini valvu ya 3 ndiyo iliyonishtua. Hiyo haikuwa na kelele yoyote. Fila haikupita kabisa. Nafasi ilikuwa imekwisha. Ndugu msomaji, iliyokuwa ikilia ilikuwa na ugonjwa mdogo. Iliyokaa kimya ndiyo iliyokuwa karibu kuungua. Laiti tungeongeza sauti ya redio na kuendelea na safari, valvu ya 3 ingeungua bila kutoa taarifa.

Kurekebisha si kazi kubwa. Legeza nati kwa spana. Zungusha skrubu kwa bisibisi mpaka fila ipite kwa kukwama kidogo, kama kitambaa unachokivuta kati ya vidole viwili. Shikilia skrubu isizunguke, kisha kaza nati. Pima tena, maana nati ikikazwa huweza kuhamisha skrubu. Fanya hivyo kwa valvu zote nane. Kabla ya kurudisha kifuniko, angalia kama gasketi yake ni nzima, na kama hakuna spana wala kitambaa kilichosahauliwa ndani.

Kazi yote ilichukua asubuhi moja. Dereva alirudisha plagi, akawasha. Injini ilinguruma. Ti-ti-ti haikuwapo. Hakuna aliyepiga makofi. Walikimbilia kupakia gunia, maana soko halingoji.

Fundi naye tusimtupe

Sisemi kwamba mafundi ni wezi. Wako mafundi wengi waaminifu, nao hutuokoa. Wala sisemi kila injini itapona kwa bisibisi na fila. Ukirekebisha nafasi, nayo ikawa kubwa tena baada ya siku chache, kuna chuma kilicholika. Ukisikia mlio wa mnyororo mbele ya injini, au ko-ko-ko chini, hiyo ni kazi ya fundi. Mpelekee.

Lakini mpelekee ukiwa na maelezo. Mwambie: mafuta tumepima. Masizi hakuna. Tumepumzisha silinda zote nne, mlio haukubadilika. Fundi mwema atafurahi, kwa sababu umempunguzia kazi. Fundi asiye mwema atajua kwamba hapa watu wanafungua macho.

Kikundi kile sasa kina daftari la gari. Kila Jumamosi dereva hupima mafuta, na mama mweka hazina huandika. Siku ya kupima tapeti huandikwa pia. Walinunua fila yao wenyewe. Haikufika hata bei ya debe moja la mahindi.

Wiki tatu baada ya siku ile, gari lilimchukua mama mjamzito usiku. Uchungu ulikuwa umemshika tangu mchana. Alifika hospitali salama, na mtoto yuko. Mimi sikuwapo. Nilisimuliwa na dereva. Nilimwuliza, "Injini ilikuwaje?" Akanijibu, "Niliisikiliza njia nzima, bwana shamba. Ilikuwa kimya, na safari hii najua kwa nini."

Maswali ya kujadili darasani

1. Kuna tofauti gani kati ya sauti ya ti-ti-ti na sauti ya ko-ko-ko?
2. Kwa nini chuma cha valvu huachiwa nafasi? Toa mfano wa chuma kinachorefuka kwa joto nyumbani kwako.
3. Valvu ya 7 imefunguka kabisa. Utapima valvu ya ngapi?
4. Mashine ya kusaga ya kijiji chenu ina daftari lake? Nani hupima mafuta yake, na siku gani?

Ndugu msomaji, tutaonana mwezi ujao. Tutazungumza juu ya panya wa ghalani. Kazi njema.